Fizi Kutoka Damu Wakati wa Mafua: Mgonjwa Asiache Kupiga Mswaki

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kwale wakishikwa na mafua makali hufanya mambo matatu: hulala, hunywa chai ya tangawizi yenye ndimu, na huacha kupiga mswaki. Mawili ya kwanza hayana neno. La tatu ndilo linaloweza kumfikisha mtu kwenye kliniki ya meno wiki mbili baadaye, mafua yenyewe yakiwa yameshakwisha, akilalamika kwamba fizi zinatoka damu, mdomo unanuka na kutafuna kunauma.

Simulizi ya mgonjwa wa namna hii huwa moja. Alishikwa na homa, pua ikaziba, mwili ukachoka. Siku ya nne au ya tano akasugua meno kidogo, akaona mate mekundu. Akajiambia kwamba homa sasa inatokea mdomoni na kwamba mswaki unamchubua, basi akauweka kando mpaka apone. Badala ya damu kukoma, ikazidi.

Damu hiyo si homa inayotoka. Ni dalili kwamba uchafu umekaa kando ya meno kwa muda mrefu kuliko kawaida, wakati ambapo mwili umeshughulika na vita vingine. Tiba yake ya kwanza ni mswaki uleule ulioachwa.

Kinachotokea ndani ya mdomo

Kila mtu, awe mzima au mgonjwa, hujenga utando laini kwenye meno yake baada ya saa chache tu. Ndio huitwa ukoga. Ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki, utausikia. Ndani ya ukoga kuna bakteria wengi wa aina mamia. Ukiondolewa kila siku hauna madhara makubwa. Ukiachwa ukusanyike pale jino linapokutana na ufizi, bakteria wake huuchokoza ufizi, nao ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu ukiguswa. Ukoga ukikaa zaidi hugeuka mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauwezi tena kuutoa.

Haichukui muda mrefu kufika hapo. Mwaka 1965 watafiti wa Aarhus nchini Denmark walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno kabisa. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zao zilirudi hali yake ndani ya wiki moja hivi. Watu hao hawakuwa na homa wala kikohozi. Kilichowapata kilitokana na kuacha mswaki peke yake.

Sasa weka mafua juu ya hali hiyo. Pua imeziba, kwa hiyo mgonjwa anapumua kwa mdomo usiku kucha. Anatokwa jasho la homa na anakunywa maji kidogo. Mdomo unakauka, na mate ndiyo mlinzi wa kwanza wa mdomo: huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi, na yana kinga zake zenyewe dhidi ya vijidudu. Dawa nyingine za mafua zinazokausha kamasi hukausha na mate pia. Wenye kufunga Ramadhani wanajua jinsi mdomo unavyokuwa kufikia alasiri. Mgonjwa wa mafua anaweza kukaa hivyo siku tano mfululizo, mchana na usiku, tena bila mswaki.

Kuna la tatu. Askari wa mwili ambao kwa kawaida hulinda mipaka ya ufizi hutumwa kupambana na virusi. Virusi vingine vilivyolala mwilini kwa miaka hupata nafasi ya kuamka. Ndiyo sababu baadhi ya watu hutokwa na vipele vya maji mdomoni baada ya homa. Vipele hivyo haviletwi na mafua. Vinaletwa na virusi vya hepesi vilivyokuwamo tangu zamani, vikasubiri siku ya udhaifu. Kwa mtoto mdogo anayekutana na hepesi mara ya kwanza, fizi zote zinaweza kuvimba na kujaa vidonda, akakataa hata kunyonya. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya kabla hajaishiwa na maji mwilini.

Yaliyojulikana wakati wa korona

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Chini ya mwezi mmoja baadaye, kuanzia jioni ya tarehe 8 Aprili, serikali ilisimamisha usafiri wa kuingia na kutoka Kwale, Kilifi na Mombasa. Wakazi wanakumbuka hoteli za Diani zilizofungwa na barakoa zilizouzwa barabarani. Wasichokumbuka wengi ni kwamba kusafishwa meno nako kulisimama katika sehemu nyingi za dunia. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri huduma za meno zisizo za dharura ziahirishwe mahali ambapo ugonjwa ulikuwa ukienea, kwa kuwa mashine za meno hurusha matone ya mate hewani. Watu waliokuwa na fizi mbovu wakakaa nazo.

Katika kipindi hichohicho wanasayansi walijifunza mambo mapya kuhusu mdomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba virusi vya korona haviishii puani na mapafuni. Viliweza kuingia na kuzaana kwenye seli za tezi za mate na za ngozi laini ya ndani ya mdomo. Jambo hilo linasaidia kueleza kwa nini wagonjwa wengi walipoteza ladha na wakalalamika kuhusu mdomo mkavu, baadhi yao kwa wiki kadhaa baada ya kupona.

Utafiti mwingine ulifanyika Doha, Qatar, mji ambao vijana wengi wa pwani wanaujua kwa ajira. Watafiti walipitia rekodi za wagonjwa 568 wa korona wa kati ya Februari na Julai 2020, wakalinganisha hali ya meno yao na jinsi ugonjwa ulivyowaendea. Wale waliokuwa na ugonjwa wa fizi uliokwisha kula mfupa wa kushikilia meno walikuwa na uwezekano wa kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi mara 3.5 kuliko wenzao, na wa kuwekewa mashine ya kupumua mara 4.5. Hesabu hiyo ilifanywa baada ya kuzingatia umri, uvutaji wa sigara na magonjwa kama kisukari.

Matokeo hayo yasomwe kwa makini. Hayathibitishi kwamba fizi mbovu ndizo zilizowaangusha wagonjwa. Huenda mtu asiyepata nafasi ya kutunza meno hapati pia nafasi ya kutunza mengine mengi. Hata hivyo kuna njia mbili zinazoeleweka ambazo fizi zinaweza kuzidisha ugonjwa wa kifua. Ufizi ulio na jeraha la muda mrefu huuweka mwili katika hali ya uvimbe usiokwisha, na korona kali ilikuwa hasa ugonjwa wa uvimbe uliopita kiasi. Njia ya pili ni rahisi zaidi: mate yenye bakteria huvutwa kidogokidogo kuingia mapafuni, hasa mtu akiwa amelala. Mapafu yenye nguvu huwafukuza. Mapafu yaliyochubuliwa na virusi hayawezi, na hapo nimonia huanza.

Hilo la pili limepimwa. Nchini Japani, wazee waliokaa katika makao 11 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu yao walisafishwa meno na walezi baada ya kila mlo, nusu wakaachwa na utaratibu wao wa kawaida. Katika kundi lililosafishwa, asilimia 11 walipata nimonia. Katika kundi la pili ilikuwa asilimia 19. Si dawa mpya wala mashine iliyoleta tofauti hiyo, ni mswaki na mtu wa kuushika.

Wenye kisukari wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Sukari ikipanda, fizi huvimba upesi na hupona polepole. Na fizi zikioza, sukari nayo hukataa kushuka. Mafua yoyote makali hupandisha sukari. Huko India mwaka 2021, maelfu ya watu waliokuwa wakipona korona, wengi wao wenye kisukari na waliotumia dawa kali za kupunguza uvimbe, walishambuliwa na ukungu mweusi. Kwa baadhi yao ugonjwa ulijionyesha mdomoni: meno kulegea ghafla, usaha kwenye fizi, maumivu ya upande mmoja wa uso. Ni ugonjwa wa nadra, lakini mwenye kisukari anayeona dalili hizo baada ya homa asilale nazo hata usiku mmoja.

Surua na ufizi wa mtoto

Ikiwa kuna sehemu ya makala hii ambayo mzazi anapaswa kuisoma mara mbili, ni hii.

Surua huanza kama mafua ya kawaida: homa, kikohozi, pua inayochuruzika, macho mekundu. Upele huja baadaye. Virusi vyake huenda kwa hewa, na hushusha kinga ya mtoto kwa wiki na hata miezi baada ya upele kukauka. Mtoto aliyekuwa hali vizuri kabla ya hapo, au aliyekatwa chakula kwa imani kwamba mgonjwa wa surua hali hiki wala kile, hubaki bila askari. Bakteria waliokuwa wakikaa kwa utulivu kwenye ufizi hupata mlango.

Kwa watoto wachache, mlango huo huleta ugonjwa uitwao noma. Mwanzo wake ni mdogo kiasi cha kudharauliwa: ufizi unatoka damu, una kidonda cha rangi ya kijivu, na mdomo unatoa harufu ya kuoza isiyo ya kawaida. Kisha shavu linavimba. Baada ya siku chache nyama ya shavu huanza kufa, na tundu hufunguka usoni. Bila matibabu, ugonjwa huu huua takribani watoto tisa kati ya kumi wanaoupata, na wanaopona hubaki na makovu yanayowazuia kula, kusema na kukaa mbele za watu. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo. Tarehe 15 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Noma si jini wala kurogwa, na haiambukizi. Ikikamatwa wakati bado ni kidonda cha ufizi, hutibika kwa dawa za kuua bakteria, kusafisha mdomo, na chakula chenye nguvu pamoja na vitamini. Tatizo ni kwamba mzazi hana mazoea ya kutazama fizi za mtoto mgonjwa. Anatazama upele, anapima joto kwa kiganja, anasikiliza kifua. Mtoto anayetoka kwenye surua ainuliwe mdomo wa juu na kushushwa wa chini kila siku, mahali penye mwanga, kwa wiki kadhaa. Kikionekana kidonda kwenye ufizi pamoja na harufu, safari ya zahanati ni siku hiyohiyo. Zahanati ikishindwa itampeleka mbele hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni.

Kinga yake ipo na ni bure katika vituo vya umma: chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Ya pili ndiyo husahauliwa, kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na mama ameshaweka kitabu cha kliniki kabatini.

Mswaki wa mti na dawa za jikoni

Pwani ina bahati ya kuwa na neno moja kwa vitu viwili. Mswaki wa dukani umechukua jina lake kwa mti wa mswaki, ambao vijiti vyake vilisafisha meno karne nyingi kabla ya plastiki kufika. Kijiti hicho kikitumiwa sawasawa kinaondoa ukoga vizuri, na Shirika la Afya Duniani limeunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980 pale ambapo ni desturi. Kwa mgonjwa kina faida ya ziada, kwa kuwa kutafuna kijiti huita mate. Lakini kitumike kibichi, ncha ikatwe upya kila siku, kisuguliwe kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino badala ya kukwaruzwa kwa nguvu kulia na kushoto, na kifike pia nyuma ya meno. Wengi husugua yale sita ya mbele yanayoonekana wakicheka, wakaacha magego. Kijiti pia hakina floraidi ya kutosha ya kulinda jino, kwa hiyo dawa ya meno bado inahitajika angalau usiku.

Maji ya chumvi ni msaada wa kweli kwa fizi zinazouma: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, kusukutua na kutema, mara mbili au tatu kwa siku. Maji ya bahari yasitumike badala yake, kwa kuwa hayajulikani yamebeba nini.

Kitunguu saumu ni kizuri kwenye mchuzi. Kikipondwa na kubandikwa kwenye ufizi huuchoma na kuacha jeraha jeupe, nacho kidonge cha aspirini kinachowekwa kando ya jino hufanya vivyo hivyo. Kidonge humezwa kwa maji. Ndimu na asali ndani ya chai hazina ubaya, ila kuzinywa kidogokidogo kutwa nzima ni kuyaogesha meno asidi na sukari. Afadhali kikombe kinywewe kikaisha, kisha mdomo usukutuliwe kwa maji. Dawa za kikohozi za maji nazo zina sukari nyingi. Mtoto akipewa usiku, apewe kabla ya mswaki. Mwenye pumu anayevuta dawa ya kopo asukutue kila baada ya kuvuta, la sivyo utando mweupe wa ukungu unaweza kuota mdomoni.

Na wanaotafuna muguka au miraa wakati wa homa ili wasisikie uchovu wanauongezea ukavu mdomo uliokwisha kauka, wakiuweka pembeni mwa shavu juu ya ufizi uleule unaouma. Sigara huficha ugonjwa: hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji zinaweza kuoza bila kutoka damu.

Kupiga mswaki ukiwa hoi

Mgonjwa hahitaji kusimama kwenye karo. Kikombe kimoja cha maji, bakuli ya kutemea na mswaki laini vinatosha, na hilo ni muhimu kwa wanaochota maji mbali, kama vijiji vingi vya Kinango. Dawa ya meno ikishasugua, itemwe bila kusukutua tena kwa maji mengi, ili floraidi ibaki. Mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka mitatu wanatosheka na kiasi cha punje ya mbaazi. Mdogo zaidi, punje ya mchele. Damu ikionekana, mswaki usiinuliwe. Usuguliwe taratibu palepale. Kwa kawaida damu hupungua baada ya siku chache na kukoma baada ya wiki moja au mbili.

Mswaki wa mgonjwa usikae kikombe kimoja na miswaki ya wengine, vichwa vikigusana. Akipona, si lazima autupe ikiwa ni wake peke yake, ila ukishachanuka nyuzi haufai tena.

Damu ikiendelea wiki mbili baada ya mgonjwa kupona na kurudia mswaki, tatizo si mafua tena. Hapo inawezekana ukoga umeshakuwa mgumu na unahitaji kuondolewa na daktari wa meno. Kuna maneno yanayozunguka, tangu Ukunda hadi Lunga Lunga, kwamba kusafishwa meno huyalegeza. Ukweli ni kinyume chake. Jino lililolegea lilikwisha poteza mfupa wake zamani, na ule uchafu mgumu ndio uliokuwa ukilishikilia kama saruji mbovu. Ukitolewa, mtu husikia mapengo na baridi kwa siku kadhaa, akamlaumu daktari. Ukiachwa, mfupa huendelea kuliwa mpaka jino lidondoke lenyewe. Mjamzito naye anaweza kusafishwa. Fizi zake huvimba upesi kwa sababu ya mimba, na hana sababu ya kusubiri mpaka ajifungue.

Kwa mgonjwa asiyejiweza kitandani, anayemuuguza anawe mikono, amwinue kichwa au amgeuze ubavu ili asipaliwe, kisha asugue meno kwa mswaki uliolowanishwa kidogo tu. Kama mgonjwa hana meno, fizi na ulimi vifutwe kwa kitambaa safi kilichofungwa kwenye kidole, asubuhi na usiku. Midomo ipakwe mafuta isipasuke. Mzee mwenye meno ya bandia avuliwe kila usiku hata akikataa. Yapigwe mswaki kwa sabuni, na yalale kwenye kikombe cha maji safi chenye kifuniko.